Dari Isiyovuja Mbele ya Mgeni

Saa tisa na robo alasiri Rosa alianza kupanga vyombo vyake. Beseni la buluu lilikwenda katikati ya sebule, karai la bati likawekwa kwenye korido karibu na mlango wa choo, na ndoo mbili nyeupe, zilizokuwa za rangi ya ukuta zamani, akazipeleka chumba cha nyuma, moja kila upande wa kitanda cha dada yake Benta. Juu ya blanketi la Benta alitandaza nailoni. Benta aliinua kidevu ili nailoni ipite chini yake, kama mtu aliyekaa kwa kinyozi, akamkumbusha mdogo wake kuanika lile shuka la jana mvua ikiisha. Wingu lilikuwa limeshashuka kutoka upande wa milima ya Nandi, na mtaa mzima wa Migosi, Kisumu, watu walikuwa wakitoa nguo kwenye kamba.

Mvua ilianza saa tisa na nusu. Tone la kwanza liliangukia ndoo ya kushoto, la pili likaangukia blanketi, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Dakika kumi hivi zilipita, mlango ukagongwa. Alikuwa Swaumu, jirani wa nyumba namba nane, amejikinga kwa mwavuli wa mumewe na kushika sahani ya kaimati iliyofunikwa kwa kitambaa. Alisema amekaanga nyingi kwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Swaumu alikuwa akipima unga wa nyumba mbili kila mara.

Alipokanyaga sebuleni, tone lililokuwa limeshatoka darini lilisimama hewani, juu kidogo ya kabati la vyombo, kisha likarudi lilikotoka. Doa lililokuwa limetanda juu lilijikunja kuanzia kingoni mpaka dari yote ikawa nyeupe. Rosa alisukuma beseni chini ya kochi kwa mguu, akanyoosha vitambaa vya kufuma, akamkaribisha mgeni.

Walizungumza dakika arobaini. Nje mvua ilikuwa ya kufanya watu wapaze sauti, lakini ndani hakikudondoka kitu. Swaumu aliingia chumba cha nyuma, akamsugua Benta mgongo mpaka kikohozi kikatulia, akachukua sahani yake akaondoka. Alipovuka geti, dari ilimwaga yote kwa pamoja, maji ya dakika arobaini kwa dakika nne. Nyumba haikuwa imeyazuia. Ilikuwa imeyaahirisha tu.

Tabia hiyo ilianza wiki ya kwanza Rosa alipohamia, karibu miaka mitatu iliyopita. Alikuwa amepika kwenye shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, na mafao yake ya kustaafu yote yalikuwa yamekwenda kwenye nyumba hii namba saba, kati ya nyumba kumi na mbili zilizojengwa kwa mpigo mmoja na kufanana kama mikate. Wanawake wa kanisa walikuja kuibariki. Siku ile mvua ilinyesha, na Rosa aliona doa likikua darini juu ya kichwa cha mke wa mwalimu wa dini. Alikuwa amezaliwa kijijini Pap Onditi, kwa mama ambaye hakupokea mgeni kabla ya kukandika ukuta upya. Mgeni akionekana kule barabarani, tayari udongo unakorogwa. Kwa hiyo Rosa aliinua macho, akainong'oneza nyumba kwa Kijaluo kwamba tafadhali isimwaibishe mbele ya wageni.

Nyumba ilisikia. Doa lilikauka. Rosa alishukuru, kama mtu anavyomshukuru mtoto aliyetulia kanisani. Hakujua kwamba nyumba ingelishika neno hilo moja na kulifuata kila siku.

Nyumba zile ziliuzwa na waranti ya miaka mitatu, iliyotolewa na kampuni iliyoitwa Dari Njema. Kila mnunuzi alipewa kijitabu chenye picha ya familia inayocheka chini ya paa. Fundi mmoja kutoka Kibuye alipita siku ya jua, akaangalia kwa jicho tu kutoka barabarani, akasema mapaa yote kumi na mawili yamelazwa sana, hayana mteremko wa kutosha, na dawa yake si kuziba. Ni kuyainua yote na kuyapiga upya. Hiyo si kazi ya mtu mmoja aliyestaafu. Ni kazi ya waliojenga, au ya waliotoa waranti.

Saleh, mume wa Swaumu, hakungoja. Alipanda na kopo la lami akaziba alipoona panafaa. Kampuni ilimwandikia kwamba kwa kuwa amegusa paa, waranti yake imekufa. Nyumba yake iliendelea kuvuja, na sasa ilivuja ikinuka lami. Katika ile safu, waliogusa mapaa walikuwa wamepoteza waranti, na ambao hawakugusa walikuwa wakingoja. Rosa alikuwa miongoni mwa waliongoja.

Asingejali sana kama si kifua cha Benta. Benta ndiye aliyembeba Rosa mgongoni kwenda kuteka maji, na ndiye aliyeacha shule ili Rosa asome mama yao alipougua. Sasa alikuwa na miaka sabini na mbili na pumu ya siku nyingi. Daktari wa kliniki alikuwa amemwambia Rosa bila kumzungusha kwamba mgonjwa huyu alale mahali pakavu, na kama Kisumu hapana mahali pakavu, arudishwe nyumbani. Nyumbani ni Pap Onditi, na huko boma la baba yao lilikuwa na nyumba moja iliyofungwa kwa kufuli, na mpwa aliyepita siku za soko. Hakuna mtu wa kumchemshia Benta maji. Rosa alirudi, akafungua kijitabu cha waranti, akakisoma mara mbili na miwani na mara moja bila miwani. Waranti ilikuwa inaisha siku ya mwisho ya mwezi wa tano. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa nne.

Kwenye simu ya kampuni alijibu msichana aliyejitambulisha kwa jina la Valarie. Sauti yake ilikuwa ya upole, na alikuwa na subira ya kumngoja Rosa atafute kalamu. Alieleza kwamba doa si uvujaji, na godoro bovu si uvujaji. Uvujaji ni maji yanayotembea, ndani ya nyumba, yakionekana kwa macho ya mkaguzi wa kampuni. Video zilizorekodiwa hazikubaliki kwa sababu kampuni haiwezi kujua dari ile ni ya nani. Binti yake Rosa, Sheryl, aliyekuwa Nairobi, alimwelekeza namna ya kupiga simu ya kuonana. Mvua iliponyesha Rosa alimpigia Valarie, na uso wa Valarie ulipotokea kwenye kioo, Rosa akasema karibu. Dari ilikauka papo hapo. Valarie alisema kwamba nyumba yake ni nzuri, na hasa anapenda vile vitambaa.

Mkaguzi wa kwanza alikuwa mzee mmoja, Oyugi, aliyefika katikati ya mvua ya mawe. Alisimama sebuleni dakika ishirini akiangalia juu. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa Kavu na kingine Maji, akatia alama kwenye Kavu. Kabla ya kuondoka alimwambia Benta ajaribu tangawizi. Gari lake lilipokata kona, maji yote yalishuka kwenye kitanda.

Rosa alikaa na nyumba akazungumza nayo. Aliiambia kwamba lile neno la zamani amelifuta, na kwamba sasa ina ruhusa kamili ya kumwaibisha. Nyumba haikuonyesha dalili ya kukubali.

"Utamfundisha mtoto adabu miaka mitatu," Benta alisema kutoka chumbani, "halafu siku moja umwambie avue nguo mbele ya watu. Hawezi."

Mkaguzi wa pili alikuwa Gordon, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Otonglo, aliyefika mvua kubwa ikinyesha. Alivua viatu mlangoni ingawa soksi moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Rosa alikuwa ameamua kumpokea vibaya ili nyumba ione kwamba huyu si mgeni wa heshima. Hakumpa kiti. Hakumuuliza habari za nyumbani. Hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kupikia wanafunzi mia sita. Nyumba iliona aibu kwa niaba yake. Ilijikausha zaidi, ikaondoa hata ile harufu ya ukungu, na kwa mara ya kwanza taa ya korido iliyokufa tangu Krismasi ikawaka.

"Mama, sasa maji iko wapi?" Gordon aliuliza.

"Iko juu. Inangoja utoke."

Gordon aliandika kitu, kisha akakifuta. Aliingia chumba cha nyuma, akamsalimia Benta kwa mikono miwili, akabonyeza godoro kwa kiganja. Maji yalipanda kati ya vidole vyake. Aligeuza fomu mbele na nyuma, lakini hapakuwa na kisanduku cha godoro. Alitia alama kwenye Kavu, akaomba radhi, akaenda.

Alipofika getini alisikia nyuma yake kishindo kama lori linalomwaga mchanga. Alirudi mbio. Ndani palikuwa pakavu, isipokuwa Rosa aliyesimama na nywele zilizolowa. Alitoka tena, kishindo kikaanza. Akaingia, kikakoma. Alifanya hivyo mara nne, bila haraka, kama mtu anayejaribu swichi. Mara ya mwisho aliweka mguu mmoja ndani na mmoja nje, na matone yalibaki yamening'inia katikati ya chumba, hayajui yafuate mguu upi.

"Hii nyumba inaniogopa," alisema.

"Haikuogopi, omera," Benta alimjibu, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Inakuheshimu. Tatizo lako ni hilo."

Rosa hakuweza kuvumilia zaidi. Alimletea chai ya maziwa. Gordon aliikataa kwa masikitiko, kwa sababu sheria ya kampuni ilimkataza mkaguzi kuonja chochote kwa mteja. Ile fomu ya Kavu haikumuuma Rosa kama kikombe kile kilichorudi jikoni kimejaa. Gordon aliliona hilo usoni mwake. Alisimama akizungusha kofia, akauliza kama hakuna siku yoyote ambayo nyumba humsahau mgeni.

Benta alikohoa kwanza, kisha akasema kwamba nyumba hii imelelewa na mtu wa Pap Onditi, kwa hiyo bila shaka inahesabu kama watu wanavyohesabu.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Siku ya tatu, mpe jembe."

Kampuni ilimruhusu mkaguzi nusu saa kwa kila nyumba. Gordon alikuwa na siku tatu za likizo alizozihifadhi kwa ajili ya harusi ya binamu yake huko Siaya. Alimpigia binamu yake akamwambia atakuja kumwona mtoto wa kwanza. Jumatano ya wiki ya tatu ya mwezi wa tano alifika na begi dogo, taulo, na fungu la mboga kutoka soko la Otonglo, kwa sababu mama yake alikuwa amemkataza kwenda kulala kwa watu mikono mitupu.

Siku ya kwanza Rosa alimpikia samaki mzima, ngege, wakati yeye na Benta wakila omena, dagaa wa ziwani. Alimpa taulo jipya lililokuwa bado na karatasi ya dukani. Mvua ilinyesha saa kumi, na dari ikabaki nyeupe. Siku ya pili alimchinjia kuku. Mvua ilinyesha tena, kubwa kuliko ya jana, na Swaumu alipochungulia kuuliza kama kuna lolote, Gordon alimwambia hakuna hata unyevu. Usiku huo Benta alilala bila kukohoa, na asubuhi alisema amesahau kwamba watu hulala hivyo.

Siku ya tatu hakuna aliyemwamsha Gordon. Alipotoka chumbani alikuta kikombe chake hakijafunikwa na chai imepoa. Rosa alimwonyesha jembe lililoegemezwa kwenye ukuta wa jikoni, akamwonyesha kitalu cha sukuma wiki nyuma ya nyumba. Gordon alilima mpaka saa sita. Alikula omena zilizobaki, akaosha sahani yake, akaosha na sufuria. Mchana Benta alimtuma dawa, na aliporudi akamkemea kwamba amechelewa. Gordon alisema samahani, kisha akakaa kwenye kochi akachukua gazeti la wiki iliyopita, miguu juu ya meza. Rosa alimwambia ashushe miguu.

Mvua ilianza saa kumi kasoro. Tone la kwanza lilimwangukia Gordon shingoni, likaingia ndani ya kola.

Gordon alishusha gazeti. La pili lilianguka kwenye goti, na baada ya hapo dari ilifunguka sebule nzima kama inavyofunguka mbele ya watu wa nyumbani. Alinyanyuka, akavuta beseni la buluu kutoka chini ya kochi, akaliweka mahali pake bila kuuliza mahali pake ni wapi. Alipeleka ndoo chumba cha nyuma, akamtandikia Benta nailoni, na Benta akainua kidevu. Kisha alikaa kwenye kona iliyokuwa na afadhali, akaandika ripoti ya kurasa nne. Aliandika saa ya tone la kwanza. Aliandika beseni lilijaa kwa dakika ngapi. Aliandika kikohozi cha Benta, ingawa hapakuwa na mahali pa kukiandika, akatia alama kwenye kisanduku cha Maji. Karatasi ilikuwa imelowa pembeni, akaona ni vizuri ibaki hivyo.

Rosa alimsindikiza mpaka geti akiwa na unga wa wimbi uliofungwa kwenye karatasi. Alimwambia "ero kamano, nyathina," yaani asante, mwanangu, na hakulisema kama adabu tu.

Valarie alipiga simu Jumanne iliyofuata. Alianza kwa kuuliza hali ya Benta. Halafu akasema kwamba ripoti imefika, imesomwa na watu watatu, na ni ripoti nzuri sana. Hata hivyo, kwenye ukurasa wa pili mkaguzi ameandika kwamba alilala kwa mteja siku mbili, akala, akalima na kuosha vyombo. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa, mtu anayelala, kula na kufanya kazi katika nyumba anahesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumba hiyo, na ushahidi wa watu wa nyumba haukubaliki. Angeshuhudia siku ya kwanza au ya pili, kampuni ingemwamini bila shida.

"Siku ya kwanza na ya pili hakuvuji," Rosa alisema.

"Ndiyo, mama. Hata ripoti inasema hivyo."

Rosa aliuliza kama Gordon angeweza kuficha ile habari ya kula. Valarie alisema angeweza, na kwamba ofisini wote walishangaa kidogo kwa nini hakuficha. Kisha sauti yake ikashuka.

"Pole, mama. Mimi nasoma tu iliyoandikwa."

Rosa alimwambia anajua, akamuuliza kama amekula mchana. Valarie alikuwa hajala.

Gordon aliondolewa kwenye ukaguzi akapelekwa chumba cha mafaili. Alikubali. Siku ya mwisho ya mwezi wa tano simu ya Rosa ililia mara moja, ujumbe ukaingia wa kumshukuru kwa miaka mitatu na kumtakia makao mema. Siku ile ile Rosa alishusha sanduku la Benta kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za kwenda Pap Onditi. Alikunja polepole, akikunjua nyingine na kukunja upya. Benta alimtazama bila kumsaidia.

Swaumu ndiye aliyeingia akaliona sanduku. Aliketi ukingoni mwa kitanda, chini ya dari iliyokuwa imejikausha kwa ajili yake.

"Mwisho wa mambo, hii nyumba inataka mgeni tu," alisema. "Hicho ndicho kitu mtu anakosa hapa Migosi?"

Alikwenda kwake, akarudi na mto na kanga ya kulalia, akakaa siku mbili. Mgeni akikaa mpaka jua litoke, maji yaliyoahirishwa yalikaukia huko huko juu. Siku ya tatu asubuhi, kabla nyumba haijamzoea, alitoka, na mlangoni akapishana na mke wa mwalimu wa dini aliyekuwa akiingia na begi. Baada yake ilikuwa zamu ya mama wa namba tatu, halafu ya dada wawili wauza samaki waliopanga kule nyuma, halafu Swaumu tena, kwa maana aliyelala kwao alirudi akiwa mgeni mpya. Karatasi ya zamu ilibandikwa kwenye mlango wa friji. Watu walizoea. Kuna walioomba wapewe siku za Ijumaa kwa sababu Rosa hupika maharagwe ya nazi aliyofundishwa na Swaumu. Sanduku la Benta lilirudi juu ya kabati.

Mtu mmoja tu hakuweza kuandikwa kwenye zamu. Gordon alipokuja peke yake Jumapili na mboga zake, mgeni wa zamu akiwa ametoka kidogo, nyumba ilivuja kama kawaida, maana kwake ilikuwa imeshamaliza kuhesabu. Alikuja na koti la mvua, akalivaa akiingia ndani, akalivua akitoka. Rosa alilitundikia koti hilo msumari wake.

Mwezi wa nane Valarie alipiga simu na ombi. Kampuni ilikuwa imetoa waranti kwa nyumba nyingine ishirini zilizojengwa na watu wale wale upande wa pili wa barabara, na wanunuzi walitaka kuona nyumba ya mfano. Walipopekua mafaili, waligundua kwamba namba saba ndiyo yenye rekodi bora. Imekaguliwa mara mbili katikati ya mvua kubwa, na mara zote mbili imekutwa kavu. Ile ripoti ya tatu haikuhesabiwa. Je, mama angekubali watu waje waangalie?

Rosa alimuuliza Benta. Benta alisema hajawahi kusikia mgeni akifukuzwa kwao, na hataki kuanza kusikia uzeeni. Rosa alikubali kwa sharti moja, aruhusiwe kuwaambia ukweli. Valarie aliuliza wakubwa, wakubwa wakasema hakuna tatizo.

Walianza kuja kwa vikundi vidogo alasiri, saa za mvua, ili wajionee. Rosa aliwapa chai na kuwaambia moja kwa moja kwamba nyumba hii inavuja, kwamba paa limelazwa vibaya, na kwamba waranti haitawasaidia. Waliangalia dari nyeupe, wakaisikia mvua inavyopiga, wakaona ni mzee mnyenyekevu asiyependa kujisifu. Aliwaomba wakae mpaka siku ya tatu waone wenyewe. Katika kitabu cha maoni wengi waliandika kwamba mwenye nyumba ni mkarimu mno, anakualika hata kulala.

Alasiri moja waliletwa mume na mke vijana, Sabir na Amirah, waliokuwa na duka la vipuri vya pikipiki mjini. Amirah alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku hiyo zamu ilikuwa imechelewa kidogo, mama wa namba tatu alikuwa bado yuko kwenye foleni ya posho mill kusaga unga, na dari ilikuwa imeshaanza kutoa matone ya kwanza. Walipoingia matone yalirudi. Benta alishusha pumzi, nailoni ikanyooka kifuani pake.

Rosa aliwaambia kila kitu, na kwa sababu ya ile mimba alikirudia mara ya pili. Sabir aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alikuwa amejengewa nyumba mbaya maishani na alijua zinavyofanana, akasema hii haifanani nazo. Alitoka kibarazani kuzungumza na Valarie, aliyekuwa amewaleta na ameshafungua karatasi juu ya mkoba wake.

Amirah alibaki chumba cha nyuma. Mvua ilikuwa ya kufanya watu wapaze sauti. Aliangalia juu kwa muda mrefu, kona kwa kona, kama mtu anayetaka kweli kujua. Kisha aliangalia ndoo mbili nyeupe, akamwangalia Benta.

"Dani, niambie wewe," alisema, akimwita bibi kwa lugha ya hapo. "Hapa kunavuja au hakuvuji?"

"Kunavuja, mwanangu."

"Mbona sioni?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni," Benta alisema. "Na Mungu akubariki kwa kuja. Kaa kidogo, usiende bado."

Amirah alicheka. Alikaa dakika tano zaidi, kwa adabu, akiwa ameshika mkono wa yule bikizee, mkono uliokuwa mkavu na wenye joto. Kisha Sabir alimwita, akaenda kibarazani kutia sahihi.